Magauni Yaliyoficha Tumbo

Hakuna fundi pale mtaani aliyejua kuficha tumbo kama yeye. Bibi harusi mwenye mimba ya miezi minne aliletwa kwake kimyakimya na mama yake, na siku ya ndoa hata shangazi mwenye macho makali hakuona kitu. Marinda yanaanzia chini ya kifua, bitana inakuwa nzito kidogo, basi.

Ilipofika zamu yake, alijishonea magauni matatu ya namna hiyo. Mimba mbili zilikuwa zimetoka, na wifi yake hakukosa la kusema. "Kaka yangu hakuoa mke, alioa cherehani," alisema mbele ya wateja, na wateja, Mungu awasamehe, wakacheka. Safari hii fundi aliapa kwamba zaidi ya mumewe hakuna atakayejua mpaka mtoto acheze. Hata kliniki hakwenda mpaka mimba ilipofika mwezi wa tano. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Yeye alificha na akazaa, tena mtoto wa kilo nne na nusu, mashavu tele, na wifi akafunga mdomo wiki nzima.

Lakini fundi alikuwa na kisukari, mwaka wa sita huo, na vidonge vya asubuhi na jioni. Walipoanza kutafuta mtoto, aliviacha. Alijishauri mwenyewe kwamba dawa ndiyo iliyoua zile mimba mbili, na kwamba mtoto anastahili kuukuta mwili ukiwa safi. Kiu ilipomzidi, akasema mimba hiyo. Ukitaka kumlaumu, laumu, ila anza na wale waliompa vidonge kila mwezi, miaka yote hiyo, bila kumwuliza hata mara moja kama anataka kuzaa.

Sasa binti ana miaka miwili. Akikimbia kutoka mlangoni hadi kwenye cherehani, midomo inageuka buluu, naye anachuchumaa kutafuta pumzi. Moyo wake una tundu, na amepangiwa upasuaji. Wifi anasema ni mkosi wa ukoo wa kina fundi, na kwa sababu hiyo fundi alikwenda kwa daktari na swali moja tu: kwa nini?

Daktari, mama mtu mzima asiyependa kuzungushazungusha maneno, alisoma faili lote kwanza.

"Sababu huwa nyingi, mama, siwezi kukuapia. Lakini sukari ikizidi kwenye damu yako, inamfikia mtoto. Zile chembe zinazomjengea moyo zinatoa taka kali nyingi kuliko zinavyoweza kusafisha. Taka hizo zinaziunguza. Nyingine zinakosea kazi, nyingine zinakufa."

"Moyo unajengwa mwezi wa ngapi?"

"Ukifika wiki ya nane umeshajengeka. Ndiyo maana tunataka sukari ishuke kabla mtu hajashika mimba."

"Na vidonge? Vingemdhuru?"

"Ungekuja tukuone tu. Kama visingefaa tungekubadilishia, tukupe sindano. Kuacha ndiyo hatari."

Fundi alihesabu kwa vidole mapajani, kama mteja anayejua jibu na bado anahesabu. Alipokwenda kliniki ule mwezi wa tano, moyo wa mwanawe ulikuwa umekwisha kujengwa zamani, na tundu lake. Aliumia. Uchungu wa kuonewa anaujua, ameumeza miaka mingi. Huu ulikuwa mwingine, hauna wifi wa kumtupia.

Nyumbani mumewe alimpokea mlangoni, binti amelala begani.

"Daktari kasemaje?"

"Bahati mbaya tu," fundi alisema.

"Si nilikwambia? Acha kujitesa, mke wangu. Dada aseme atakavyo, mimi nilikuona. Mwanamke gani mwingine angeacha hata dawa zake kwa ajili ya mtoto?"

Alimtazama kwa upendo wa kweli, maskini. Fundi akasema ahsante.