Kumgeuzia Kurasa Mama Mwenye Nyumba

Barua ya dada yangu ilinifikia Harrow, London, wiki saba baada ya baba kuzikwa Unguja. Miaka ile, baada ya mapinduzi, barua za kwetu zilichelewa, na nyingine zilifika zimeshafunguliwa. Niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, nikaitia mfukoni, nikaenda kazini. Nilikuwa karani katika ofisi ya bima. Siku ile nilipanga mafaili kama kawaida, na jioni nikala mkate na mayai. Nilingoja machozi. Hayakuja wiki ile, wala iliyofuata.

Nilikuwa nimepanga chumba kwa mjane wa Kiingereza, mwalimu mstaafu aliyeimba katika kwaya ya kanisa. Sikumwambia kitu. Mwezi ule aliteleza kwenye barafu akavunjika mkono, ukafungwa plasta mpaka kwenye vidole. Akaniomba Jumamosi mchana nifuatane naye mazoezini, nimshikie kitabu na kumgeuzia kurasa. Nilimkumbusha kwamba mimi ni Mwislamu. Akasema hataki niimbe, anataka mikono yangu tu.

Walikuwa wakijifunza misa ya Kilatini iliyotungwa yapata miaka mia nne nyuma, ya sauti tano bila ya kinanda. Sikujua kusoma noti za muziki. Ukurasa ukikaribia kwisha aliinamisha kichwa, nami nikageuza. Maneno yenyewe yalikuwa machache, alinieleza kuwa ni kumwomba Mungu rehema, lakini kila kundi lilianza kwa wakati wake. Wanawake wa sauti ya juu walitangulia, wanaume wakaingia na maneno yaleyale wakati wenzao wameshafika mbali, na hakuna aliyemngoja mwenziwe. Nikakumbuka hitima za kwetu, kila mtu na juzuu yake ya Kurani, wote wanasoma kwa pamoja, chumba kizima kinavuma. Baba alisomewa, sikuwa na shaka. Mimi sikuwapo. Nililifikiria hilo kama mtu anayefikiria habari ya jirani.

Siku ya ibada nilisimama kando yake katikati ya waimbaji, nimevaa suti yangu ya kazini. Katika sehemu ya mwisho aliinamisha kichwa, nami sikugeuza. Akainamisha tena. Kisha akaacha kutazama kitabu, akaimba alichokumbuka mpaka mwisho.

Watu walipotoka alikaa kwenye benchi, nikakaa naye.

"Hukugeuza," alisema. Hakuwa amekasirika.

"Baba yangu amekufa," nikamwambia. "Nilikuwa najaribu kuikumbuka sauti yake. Siikumbuki."

Aliniuliza lini, nikamweleza yote. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyatamka, na niliyatamka kama ninayemsomea mteja masharti ya bima. Kisha akasema mumewe alipofariki, yeye alipika chakula cha watu wawili mwaka mzima, na hakulia hata siku moja, watu wakamwona hana moyo. Akataka kujua kwetu mtu akifiwa hufanya nini. Nikasema wenzake hukusanyika wakasoma.

"Basi, wenzako wako wapi?"

Jumapili iliyofuata nilikwenda Hayes, mtaa mwingine wa London, kwa familia moja ya Kipemba niliyokuwa nikionana nayo siku za Idi. Nilivua viatu, nikasema lililonipeleka. Mume, mfanyakazi wa uwanja wa ndege, akawapigia watu simu, na kabla ya alasiri tulikuwa wanaume kumi na mbili juu ya zulia, kila mmoja na juzuu yake. Nikasoma yangu. Sauti yangu haikutetemeka. Nilimaliza kabla ya wengine, nikachukua nyingine.

Baada ya dua mkewe alinitengea wali.

"Mwanangu, siku zote hizi," alisema. "Kwa nini hukutwambia?"

Nikamjibu kwamba sijui. Akaniongeza mchuzi, akaketi mbele yangu mpaka nikamaliza sahani yote.