Firigisi ya Baba

Siku hizi watoto wa ploti yetu hapa mtaani Jericho wananiita Firigisi. Nikienda mferejini, "Firigisi, sasa!" Nikitumwa dukani, "Firigisi, umekula?" Na mimi ni mtu ambaye mwalimu akinisimamisha nisome ufahamu kwa sauti, darasa zima huinama kutega sikio kama wanasikiliza mbu. Acha niandike jinsi ilivyokuwa, maana wanaoisimulia huko nje wanasema nilimrushia mtu sufuria, na sufuria sikuigusa.

Ilikuwa Krismasi, Krismasi ya tatu bila Baba. Baba hakufa (watu wakimwona Mama hudhani amefiwa), Baba yuko Donholm na mke mwingine, mahali pa kutembea tu kwa miguu ukafika. Lakini kila Krismasi Mama hufanya mambo yote kama vile huyo mtu atapiga hodi: kiti chake kinapanguswa vumbi, glasi yake inasuguliwa, na firigisi ya kuku, ambayo kwetu Wabukusu ni ya mwenye nyumba na hakuna mtoto wala mwanamke wa kuigusa, inawekwa kando kwenye bakuli lenye kifuniko. Jioni inafika, hakuna mtu. Kesho yake inanuka, Mama anaitupa kimyakimya, halafu anaosha lile bakuli kwa muda mrefu kuliko sufuria zote.

Mimi hilo bakuli lilikuwa limenichosha. Kuku alimnunua Mama pale soko la Burma akitoka kazini, akamnyonyoa mwenyewe, akakanda chapati tangu alfajiri mpaka mabega yakamuuma, halafu ile nyama nzuri inamngojea mtu ambaye hata kadi hakutuma! Kwa hiyo Mama alipotoka kwenda kuazima viti, nilifunua bakuli, nikatia firigisi yote mdomoni, nikatafuna nimegeukia ukuta. Ningeishia hapo pengine ningepona. Lakini mimi na akili zangu, nikaweka kipande cha shingo mahali pake nikafunika. Nilijiambia, si itatupwa tu kesho?

Nani alijua Baba Mkubwa angekuja? Huyu ni kaka yake Baba, anakaa Njiru, na tangu Baba aondoke hakuwa amekanyaga kwetu hata siku moja, hata kuuliza kama tunakula. Saa saba hivi huyo hapo mlangoni na suti ya rangi ya maziwa, "Hodi hapa!", na ndani tayari wameketi kina mama watatu wa kwaya ya kanisa pamoja na Mama Mutua, jirani yetu, Mkamba mwenye kicheko cha kusikika mpaka barabarani. Mama akachangamka mpaka mimi nikaona haya. Akamkalisha kwenye kile kiti. Akapiga magoti akamnawisha mikono. Halafu, ole wangu, akaliendea lile bakuli.

"Karibu, shemeji. Kumbe mwaka huu nilikuwa nimekuwekea wewe."

Baba Mkubwa akafunua. Akaitoa shingo kwa vidole viwili, akainyanyua juu kila mtu aione.

"Hii ni nini?"

Mama akaitazama kama mtu anayesoma barua ya mwingine.

"Mama Nasimiyu, nakuuliza. Firigisi ya ndugu yangu imeliwa na nani?"

Mama akanigeukia. Na mimi, kwa ile sauti ya mbu, nikasema, "Paka."

"Paka amekula, akaweka shingo, akafunika?"

"Wui! Huyo paka amefunzwa adabu!" Mama Mutua akapasuka, na wote wakacheka, hata mimi nikacheka, mjinga mimi. Baba Mkubwa hakucheka.

"Paka anayefunika bakuli huvaa suruali," akasema polepole. "Kuna mwanamume anakula hapa. Na ndugu yangu ataambiwa."

Kicheko kikakatika. Redio ya jirani ikapunguzwa. Wale kina mama wa kwaya wakaanza kukagua viatu vyao, na nikajua kufika Jumapili hayo maneno yatakuwa yameketi kanisani kabla yetu. Mama bado alikuwa ameshika birika, maji yanamwagika kidogo kidogo kwenye kapeti, wala haoni. Mama yangu, ambaye hata fundi wa stima akija huacha mlango wazi kabisa ili watu wasipate la kusema!

Nikasimama. Nilitaka kusema tu "ni mimi", kwa heshima, niombe msamaha. Lakini goti likanasa kitambaa cha meza, meza ikanifuata, mchuzi wote ukamwishia Baba Mkubwa mapajani, na mdomo wangu nao ukafunguka wenyewe.

"Nimeila mimi! Kwa meno haya! Hapa hakuna suruali, suruali iko Donholm! Mpelekee hiyo shingo!"

Watoto waliokuwa mlangoni wakashangilia kama bao limeingia. Baba Mkubwa akatoka bila kuaga, akapita katikati ya ploti ameivuta suruali mbali na mapaja kwa mkono mmoja, na mkono wa pili bado una shingo, sijui alisahau.

Mama hakunikumbatia. Alisema, "Umeniaibisha mbele ya kanisa," akasugua kapeti, akakataa nimsaidie. Mimi nikalia kwa hasira, nikamwuliza, "Na wewe ulimpigia magoti ya nini?" Jioni tukala chapati na chai, kiti cha Baba kina doa la mchuzi, ndipo aliposema:

"Ilikuwa imeiva?"

"Haikuwa na chumvi."

"Nilijua tu." Akakunja chapati yake, akaikunjua. "Sikuwa namwekea yeye, Nasimiyu. Sikujua tu nimpe nani."

Hasira yangu haijaisha. Mama ananitaka nimwandikie Baba Mkubwa barua ya kuomba msamaha, na nitaiandika: suruali naomba msamaha, firigisi siombi. Na hapa kwenye daftari langu naapa, sitakula tena nimegeukia ukuta. Krismasi ijayo nitaikata vipande viwili, tutakula mimi na Mama, yeye akiwa ameketi kwenye kile kiti, mlango ukiwa wazi.