Bikoni Chini ya Tuta

Namshukuru Mungu kwamba mji wa Sumbawanga ulinikuta shambani nikiwa bado na nguvu za kushika jembe. Haukuja ghafla. Ilianza nyumba moja ya bati jekundu, ya mtumishi aliyehamia kutoka Mbeya, kisha zikafuata nyingine, na wote wakawa wanachota maji kwenye chemchemi iliyo mwisho wa shamba letu. Sikuwahi kuwakataza. Maji yale sikuyaweka mimi.

Wapimaji wa viwanja walikuja shambani kwetu kiangazi, ardhi imekauka. Walifukia bikoni, vile vijiwe vya zege vya mipaka, kwenye kila pembe. Kiwanja cha chini kabisa kiliangukia mahali panapolisha chemchemi. Nikamwambia binti aliyewaongoza kwamba pakijengwa nyumba na choo pale, maji tumeyapoteza. Akakanyaga udongo kwa kiatu.

"Mbona pakavu, babu?"

Nikaliweka jambo lile katika sala.

Mvua zikaja, majani yakatufika kiunoni. Mimi na mke wangu tukalima kama wazazi wetu: unakata majani pamoja na udongo wake, unayageuza, unayarundika yaoze ndani ya matuta ya mviringo tunayoyaita ntumba. Bikoni tulizisahau kabisa. Tukazifunika zote.

Binti aliporudi na chombo chake cha miguu mitatu, hakuona hata moja.

"Shikamoo, babu. Mmeng'oa bikoni?"

"Marahaba. Hatukung'oa. Tumelima juu yake."

"Kung'oa bikoni ni kosa, babu."

Mke wangu akacheka mpaka akashika kiuno. "Mjukuu wangu, huyu hawezi kung'oa hata jino lake. Vua viatu, tukafukue."

Tukafukua tuta baada ya tuta. Bikoni za juu zilitoka na udongo wenye unyevu kidogo tu. Tuta la mwisho alilichimba binti mwenyewe. Jembe likazama kwenye tope, maji yakajaa shimoni, na bikoni ikaonekana chini yake. Akapiga magoti pale, suruali ikilowa.

"Uliniambia, babu," akasema. "Nitaomba mchoro ubadilishwe, hapa pabaki wazi. Lakini barabara iliyokuwa ipite huku itapanda shambani kwenu. Mistari miwili ya matuta itakwenda."

Nikamtazama mke wangu. Matuta yale aliyainua yeye zaidi yangu, na alikuwa anangoja kuyapanda maharage. Alisugua viganja vyake taratibu.

"Ichukueni," akasema. "Wanaokuja na ndoo nao wana watoto."

Mchoro ulikubaliwa. Nikirudi kutoka misa ya asubuhi sasa napita kwenye barabara hiyo, maharage ya mke wangu yakigusa ukingo wake. Wanaokwenda kuchota maji humwomba majani ya mboga, naye huwachumia. Mimi hushuka nao hadi chini, nikanywa kwa kiganja kabla ya chai.