Gari Lililoombewa Acocks Green

Mimi huhoji kila kitu, hata maombi ya chakula, lakini hapa nilinyamaza. Kazini walinikodishia gari jipya la kuzungukia wateja. Auntie Wambui aliliona limeegeshwa nje kwangu, huku ughaibuni Acocks Green, kando ya kagari kangu kekundu ka zamani, akadhani nimelinunua, nami sikumsahihisha. Jumapili akaja na pasta na kwaya nzima kuliombea. Wakaweka mikono juu ya boneti, pasta akakemea ajali, nami nikaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

“Sasa kale kagari kako kekundu utanipa mimi,” Auntie akasema, kiganja wazi. “Nimechoka kungoja basi kwa baridi.”

Kwaya ikapiga vigelegele, mikono ikiwa bado kwenye boneti.

“Auntie,” nikanong'ona, “kale ndiko kangu. Hili ni la kukodi, litarudishwa.”

Pasta ndiye aliyetangulia kuondoa mkono kwenye boneti.