Pini ya Mkono wa Juu

Mume wangu hatupi chuma. Ukizunguka nyuma ya boma letu utakuta vimeegemea ukuta wa zizi: mabomba ya maji, vipande vya nondo, springi za gari ambalo hatukuwahi kulimiliki, na mguu wa kitanda cha hospitali ambao sitaki kujua ulifikaje hapo. Kila nikiuliza, jibu ni lile lile, kwamba siku moja vitafaa. Tumeishi pamoja miaka thelathini na moja. Siku hiyo ilifika mwezi wa tatu mwaka huu, na hakuna hata kimoja kilichofaa.

Kilichovunjika ni pini. Trekta letu ni la zamani, tulilinunua kwa mzee mmoja wa Fort Ternan aliyekuwa akilitumia kuvuta miwa. Plau inashikwa nyuma yake na mikono mitatu, miwili chini na mmoja juu, na huo wa juu unafungwa kwa pini ya chuma, fupi na nene kama kidole gumba cha mwanamume. Pini ikikatika, plau inalala kifudifudi na trekta linabaki la kutembelea tu.

Lingekuwa shamba letu linalosubiri, ningenyamaza. Lakini lilikuwa shamba la mama yangu, ng'ambo ya kijito, robo tatu ya ekari iliyojaa nyasi tangu baba afariki. Mama amepita miaka themanini na hajawahi kupika ugali wa unga wa pakiti. Kaka yangu, ambaye ndiye mwenye sauti juu ya ardhi siku hizi, alitaka kupanda miti ya bluegum hapo, akuze nguzo za kuuza. Tulikaa kikao, chai ikanywewa, ikakubaliwa hivi: mvua ikinyesha kabla shamba halijalimwa, linakuwa la miti. Likilimwa kwanza, mama apande mahindi yake na asisumbuliwe tena maisha yake yote. Ni mimi niliyefungua mdomo nikasema, trekta si lipo.

Wiki iliyofuata kaka akaleta miche. Aliipanga kando ya ghala la mama, kwenye kivuli, kila mche na karatasi yake nyeusi, mahali ambapo mama hawezi kufungua mlango asubuhi asiione. Aliniambia tu kwenye simu kwamba miche imefika na ina afya.

Mtu ataniuliza kwa nini hatukukodi trekta lingine. Tuliuliza. Wenye matrekta walikuwa kwenye mashamba makubwa ya upande wa Bomet, na hakuna aliyetaka kuteremka mlima ule wetu, avuke kijito, kwa kazi ya asubuhi moja.

Pini ya kwanza mume wangu aliitengeneza mwenyewe kwa nondo. Aliikata kwa msumeno, akaikunja kichwa kwa nyundo, akaitazama kwa mapenzi ambayo mimi sijayaona usoni mwake tangu mtoto wetu wa mwisho azaliwe. Ilikuwa nyembamba. Ilicheza ndani ya tundu, ikalila tundu lenyewe, na kabla hatujamaliza mstari mmoja kando ya nyasi zetu za nepia za ng'ombe, ilikuwa imepinda kabisa.

"Shida si chuma," akasema. "Shida ni kipimo."

Nilimwambia basi achukue kipimo. Nilidhani ataazima rula. Alienda ghalani akaja na gunzi la mahindi, akaligongomea kwenye tundu mpaka likakwama, akalichomoa, akanifungia ndani ya gazeti nimpelekee fundi wa kuchomelea kule Litein. Nimefundisha hesabu shule ya msingi mpaka nikastaafu. Nimesahihisha makosa ya watoto wa watu wote wa kilima hiki. Na bado nililipokea lile gunzi, nikapanda bodaboda nalo mapajani, nikanyeshewa manyunyu kidogo karibu na Litein, ingawa kwetu halikudondoka tone.

Fundi alifungua gazeti akanitazama kwa huruma.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni tundu la trekta."

"Tundu?"

"Kipimo chake. Tengeneza tu."

Alitengeneza. Tulipoijaribu, haikuingia hata ncha. Gunzi likibanwa linasinyaa, na likitoka linarudia unene wake, na likipata maji linavimba zaidi. Hilo hata mtoto wa darasa la nne angelijua kama angefikiri, na mimi sikufikiri. Nilikasirika, zaidi nikijikasirikia mimi. Mtu mwingine angerudisha pini ikapunguzwe. Mume wangu alichukua tupa, akakaa siku mbili akipanua tundu. Hakupunguza kile kidogo cha kushikika mkononi, alipanua trekta. Na baada ya jasho lote hilo, pini ikawa ya chuma laini, ikakatika pale pale kwenye nepia, karibu na alama ya ile ya kwanza.

Mama akapiga simu.

"Hiyo trekta inakuja lini?"

"Kesho, Mama."

"Ni ile kesho ya juzi ama ni ingine?"

Nilimtazama mume wangu nimpe simu ajieleze. Alishaingia chini ya trekta. Anamheshimu mama mkwe wake sana, kiasi kwamba kila aibu ya nyumba hii huenda kwake kupitia mdomo wangu.

Asubuhi yake nilivaa viatu vya kanisani nikaenda Kericho bila kumuaga mume wangu. Nilinunua pini halisi, inayong'aa, kwenye duka la vipuri la mama mmoja aliyehamia kutoka upande wa ziwa. Nilirudi nayo nikiwa nimejaa ushindi. Ikaingia tunduni na kutoka upande wa pili bila kugusa kitu. Tundu lilikuwa limepanuliwa mno. Siku ya pili nikarudi dukani kuomba iliyo nene zaidi, na yule mama akanionyesha saizi zote alizo nazo, kisha akaweka kalamu chini.

"Mama, hiyo yenu si trekta tena," alisema. "Ni kitu mnajenga nyumbani. Kama ni nyinyi mlifungua hiyo shimo, ni nyinyi mtatengeneza pini yake."

Nilitaka kumjibu vibaya lakini alikuwa amesema kweli. Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa mama yangu, nimwambie uso kwa uso kwamba nimeshindwa. Mawingu yalikuwa yameshaanza kushuka. Nilimkuta akimwaga maji ya kunawia mbali na miche, ili asije akaimwagilia kwa bahati mbaya.

Nilimweleza yote, nondo, gunzi, tupa na Kericho. Machozi yalikuja katikati ya Kericho. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza tundu limekuwa kubwa kiasi gani. Nikamwonyesha kwa vidole. Akaingia ghalani, akatoka akiburuta mtaimbo wa marehemu baba, ule wa kuchimbia mashimo ya nguzo, ambao kilima kizima huja kuuazima kwa sababu udongo wetu wa kiangazi haukubali jembe. Aliushika katikati, akaulinganisha na vidole vyangu.

"Hii haipindiki," alisema. "Peleka. Lakini mwambie akate katikati."

Kule Litein fundi aliufurahia. Chuma kigumu, unene wa kutosha, kupunguza kidogo tu. Akasema atakata karibu na ncha, mtaimbo ubaki mrefu, atauchonga upya, utumike miaka mingine.

"Mama amesema katikati."

"Katikati tutaharibu. Itabaki vipande viwili, hata shimo ya kuku hutachimba nayo."

Hoja yake ilikuwa sawa, na mimi nilikuwa nimechoka na watu wanaokata vitu vibaya. Nikampigia mama.

"Mama, fundi anasema akate kwa ncha. Ukikata katikati mtaimbo umeisha."

"Nimesema wapi?"

"Katikati."

"Basi mbona unaniuliza?"

Akakata simu. Fundi akakata mtaimbo katikati, akatoa hapo kipande cha pini, akitikisa kichwa, na mimi nikahesabu kwamba sasa nina wazee wawili wakaidi badala ya mmoja. Aliunguza keekee mbili akitoboa tundu la kuzuia pini isichomoke. Jioni mume wangu aliipokea, akaigonga mara moja, ikaingia ikakaa. Alipitisha msumari wa inchi sita mwishoni mwa pini, akaukunja.

Alfajiri mvua ilinyesha. Haikuwa nyingi, ya kulowesha vumbi tu, lakini niliisikia kwenye mabati nikaketi kitandani. Tuliondoka kukipambazuka, yeye akiendesha, mimi nikitembea nyuma kwa gumboots, macho yangu yakiwa kwenye ile pini mteremko wote na kijito chote.

Tulimkuta kaka uani kwa mama na vijana wawili wa kuchimba mashimo. Miche ilikuwa imeshabebwa mpaka ukingoni mwa shamba. Wale vijana walikuwa wamekaa juu ya jiwe, mikono mapajani.

"Mvua imenyesha," kaka aliniambia kabla hata hajanisalimu. "Tulikubaliana. Saa hizi tungekuwa tumemaliza laini mbili, lakini natafuta mtaimbo tangu saa kumi na mbili. Mama anasema ni mtu aliazima na hakumbuki ni nani."

Mume wangu alimwinamia mama kichwa kwa mbali, akapita, akateremsha plau. Ikazama ardhini na mkono wa juu ukakaza. Nilimfuata kwa macho mpaka akafika mwisho wa shamba, akageuza, akarudi na mstari wa pili. Udongo mweusi ulilala nyuma yake mpaka karibu na miche.

"Mama," kaka akasema, sasa polepole, "mtaimbo uko wapi?"

"Si huo hapo," mama akamjibu, akionyesha nyuma ya trekta. "Ngoja amalize kulima, utachukua."

Kaka aliitazama ile pini ikipita mbele yake, mara ya kwanza na mara ya pili. Mama alikuwa ameshaingia ndani kuchukua mbegu.