Safari ya Bibi kwa Vitenzi Arobaini

Juzi nilikuwa Tabora, nikapita nyuma ya shule niliyosoma. Darasa zima lilikuwa likiimba Kiingereza cha mambo yaliyopita: go, went, eat, ate. Nilisimama dirishani na mkongojo wangu mpaka mwalimu akaanza kunitilia shaka. Ungekuwepo, rafiki yangu, ungenicheka, maana midomo yangu ilikuwa ikiitikia.

Enzi zile za Mwingereza, binti aliyeweza kueleza habari za jana kwa Kiingereza alionekana ameshafika. Mimi nilikuwa na vitenzi arobaini, nimevipanga nyuma ya daftari, na niliringa navyo kupita kiasi. Siku moja mwalimu akatuagiza tumuulize mzee wa nyumbani alifanya nini ujanani, tuandike sentensi kumi. Insha bora ingesomwa mbele ya mkaguzi wa Kizungu. Niliitaka nafasi ile kuliko chakula.

Bibi yangu, mzaa baba, alikuwa amekwenda pwani kwa miguu kabla ya reli, akifuatana na babu aliyekuwa mpagazi wa pembe za ndovu. Wake wa wapagazi walibeba vyungu na unga. Nilimkuta uani akimenya karanga, matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, yameanikwa kwenye ungo, moshi wa kuni ukituumiza macho. Nikamwomba anisimulie.

Kila alichosema nilikitafuta nyuma ya daftari, na kitenzi kisipokuwepo nilimkatiza. Alipofika kwenye nyimbo walizoimba wakikaribia maji, nikamwambia aseme alitembea. Alipoanza habari za hongo, ule ushuru wa kupita waliotozwa na watemi wa Ugogo, nikamwambia aseme alipika. Akawa ananifuata, maskini, utadhani yeye ndiye mwanafunzi.

Kisha akaacha kumenya, karanga mkononi. Akasema polepole kwamba huko njiani, katika nyika isiyo na maji, walimzika mtoto wake wa kwanza, wa kike, na msafara haukungoja.

Nikapekua daftari. Neno la kuzika halikuwamo.

"Hilo liache, bibi," nikamwambia. "Hatujalifundishwa bado."

Alinitazama kidogo. "Haya, mjukuu wangu. Andika nilirudi."

Nikaandika. Nilipata alama zote kumi, nikasoma mbele ya mkaguzi, naye akapiga makofi. Niliporudi nyumbani nilimtafsiria bibi sentensi moja moja, nikingoja anisifu.

"Safari nzuri hiyo," alisema. "Haikumchosha mtu."

Nilidhani amenisifu. Nilikwenda kuwatambia wenzangu kisimani.

Hakuigusa tena habari ile, wala mimi sikuuliza. Nilikuwa na vitenzi vingine vya kukariri. Masika yaliyofuata akafariki, na baba yangu, aliyezaliwa miaka mingi baada ya safari hiyo, hakuwahi kusimuliwa. Waliokwenda naye wamekwisha, na nyimbo zao za njiani hakuna anayezijua tena mtaani kwetu. Najuta, sina njia nyingine ya kulisema.

Siku hizi nikipanda treni kwenda Dodoma hukaa dirishani. Reli inaifuata njia ile ya zamani, na tukishaingia nyikani huacha mazungumzo na wenzangu, nikatazama vichaka vinavyopita. Mahali fulani humo yumo shangazi yangu, na sikuuliza hata jina lake.