Mpiga Mbiu wa Adhuhuri

Asije mtu akaniambia ni jua. Jua la Ufaransa nalijua, la Tanga nalijua, na hakuna hata moja lililowahi kuniita kwa jina langu. Haya yametokea. Baba yuko hapa Pickering, Kanada, jikoni, anakunywa chai, na mama ni shahidi wa nusu yake. Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize, ndipo unisikilize.

Kosa ni la baba. Kazi yake ni kuchora ramani za viwanja kwa kampuni inayojenga nyumba mpya Brampton, ile mitaa ambayo ukikosea kona moja unaingia kwa jirani ukidhani ni kwako. Wenzangu likizo wanakwenda Dar, wanapakwa hina. Sisi, tulipopata tiketi, baba akasema tupitie Ufaransa kwanza. Unadhani Paris? Thubutu! Tukakodi gari, tukaenda mashamba ya kusini kutazama miji iliyopimwa miaka mia saba iliyopita.

Mji wa kwanza, sikatai, ulikuwa mzuri. Uwanja katikati, baraza zenye matao pande zote, soko lenye paa la mbao, mitaa imenyooka kama imekatwa kwa kisu. Mji wa pili: uwanja katikati, baraza zenye matao, soko lenye paa la mbao. Wa tatu nikuelezee?

"Baba Idi," mama akasema, "hapa si tulikuja jana?" Idi ni kaka yangu. Alikataa safari, mwenye akili zake.

"Ule wa jana ulijengwa na mfalme wa Uingereza, huu wa mfalme wa Ufaransa. Hebu tazama upana wa mtaa!"

"Nimeutazama. Na miguu yangu imeutazama."

Halafu mkalimani nani? Mimi, kwa sababu nasoma Kifaransa shuleni. Mimi ambaye mwalimu akinitaja nisome kwa sauti, najifanya naokota kalamu chini ya meza. "Muulize yule mama kisima kiko wapi." Plizi, baba. "Plizi nini? Shule tunakupeleka ya nini?"

Basi, mji wenyewe. Tulifika mchana wa jua kali, saa za chakula, na Wafaransa wakila hufunga kila kitu. Mama akakataa kushuka. Akabaki garini nje ya lango la mji, viatu kavua, mlango wazi. Mimi nikamfuata baba, ananieleza ninayotaka na nisiyotaka.

"Kuanzisha mji walisimika nguzo hapa katikati, wakapima viwanja kwa kamba, wakatuma mpiga mbiu azunguke vijijini kuita watu. Anayeitika anapewa kiwanja, anakuwa mtu wa hapa. Lakini huu haukujaa. Ona, vingine mpaka leo ni nyasi." Akasikitika kana kwamba yeye ndiye aliyekosa wateja. Akabaki nyuma kupiga picha mfereji wa maji machafu. Mfereji!

Ndipo nikasikia naitwa. Sauti ya mama, jina langu, limevutwa mwishoni vile anavyovuta yeye, kutoka sokoni.

Kwetu mtoto hufundishwa hivi: adhuhuri na magharibi, ukiitwa na humwoni anayekuita, nyamaza. Na aliyenifundisha ni baba huyohuyo. Lakini nisikudanganye, sikunyamaza kwa sababu ya mafundisho. Niliona haya. Nyuma ya madirisha yale watu walikuwa wanakula, nasikia uma na sahani, na mimi nipaze sauti "abee" katikati ya uwanja? Nikazunguka nguzo ya soko nimtazame mama kwanza.

Hakuwa mama. Alikuwa mwanamume, amevaa joho la sufu nzito katika joto lile, kamba imezungushwa begani. Mdomo wake ulikuwa wazi tu, hausogei, kama mlango uliosahauliwa. Na mle ndani ndimo ilimotoka sauti ya mama yangu. Niamini.

Akanitazama, akaona siitiki, akaangalia nyuma yangu. Akaita, "Beka! We Beka!"

Sasa ikawa sauti ya bibi. Ni bibi peke yake aliyemwita baba hivyo. Bibi alipofariki baba alikuwa huku Kanada, makaratasi yake hayajatoka, na hakwenda kumzika. Kwa hiyo unategemea angefanya nini?

"Naam, mama!" baba akaitika, akapita mbele yangu kama hanijui.

Yule mtu akaenda, baba akamfuata, mpaka kwenye kiwanja cha nyasi kati ya nyumba mbili. Akampa ncha ya kamba. Wakaanza kupima! Kigingi kona hii, kigingi kona ile, na baba anatabasamu. Zilipopigwa kona tatu nikaelewa: ya nne ikipigwa, tutarudi Kanada bila baba.

Nikafungua mdomo nimwite. Kabla sijatoa neno, yule mtu akasema kwa sauti yangu, kwa Kiswahili safi kuliko changu, "Baba, shika hapo vizuri." Baba akashika.

Nimwite kwa sauti gani tena? Nikaingia kwenye nyasi. Nikamfumbua vidole, kimoja kimoja. Akanitazama kama mpita njia aliyemzuia. "Niache, naitwa," akasema. Nikamvuta shati mpaka kifungo kikaruka, sikumwachia mpaka nje ya lango, na nyuma yetu zile uma na sahani zilikuwa kimya.

"Mlikuwa mnakokota ng'ombe?" mama akauliza. Kisha akaona viganja vya baba, vimechubuka kwa kamba, akachukua chupa ya maji, akaanza kuviosha.

Tangu hapo nyumbani kwetu hatuitani. Chakula kikiwa tayari napanda ngazi, namgusa baba bega. Idi alitucheka, hadi siku alipoita "Baba!" toka chini kwa utani, baba akatoka na soksi tu kwenye theluji, anauliza kiwanja kiko wapi. Na hata asipoitwa na mtu, adhuhuri nyingine anaweka kikombe, anasema "naam" taratibu, anatafuta viatu. Mama anamshika mkono mpaka ipite. Inachosha, sikufichi, inachosha sana.

Kwa hiyo nakuomba. Ukiitwa mchana mkali na humwoni anayekuita, usiitike, hata kama ni sauti ya mama yako. Nenda ukamwone uso. Na ikiwa ni sauti ya marehemu wako, ziba masikio kabisa, maana huyo utamwitika kabla hujafikiri.